Jiko la Mama na Waya wa Tatu

Mwaka ule nilipomfungia mama yangu jiko la umeme, ilivuma Kitangari, au tuseme upande wetu wa Kitangari, kwamba amekuwa mchoyo wa moto. Habari hiyo niliipata Masasi, ninakofundisha, sokoni, kwa mwanamke jirani yetu aliyekuwa ameteremka na mbaazi zake. Tulisalimiana, shikamoo na marahaba, akaniuliza habari za shule, halafu akasema kwa sauti ile ya mtu anayetania huku anasema kweli: "Mwalimu, mama yako siku hizi haingiliki. Ukienda jikoni kwake anakusimamia mlangoni kama mgambo. Sufuria lake haliguswi na mtu."

Nilicheka. Tena nilicheka kwa raha, kwa sababu nilijiona mimi ndiye niliyempandisha cheo. Mama yangu, aliyepikia mafiga miaka yote tangu aolewe, leo anaringa na jiko. Nilimwambia yule jirani amvumilie, mtu akipata kipya kinyemi. Akachukua mbaazi zake akaenda zake, na mimi nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya kipumbavu ambayo mpaka leo nikiikumbuka uso unanichoma.

Kwa asiye wa huku, kusema mtu ni mchoyo wa moto si neno dogo. Kwetu si kila siku mwanamke huwasha moto kwa kiberiti. Asubuhi anatoka uani, anaangalia ni paa la nani linalofuka moshi, anachukua kigae cha chungu kilichovunjika na kwenda kuomba kaa la moto. Hapo ndipo habari zote za kijiji zinapopita: nani kaumwa, nani kasafiri, nani kapigwa na mumewe. Unaweza kumnyima mtu chumvi ukasingizia imekwisha. Kaa halinyimwi. Sasa jiko la umeme halina kaa, na hilo watu walilielewa. Wasichokielewa ni kwa nini mama hataki hata mtu asogee kuliangalia.

Nianze na kifua chake. Mama alikuwa na kikohozi kilichokuja na masika, kikakataa kuondoka na masika. Kuni zetu nyingi ni matawi ya mikorosho yanayokatwa shamba linaposafishwa, na mkorosho, mbichi au mkavu, una moshi wake mkali unaoshika kooni. Nilimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akamsikiliza mgongo kwa muda mrefu, akaniambia mimi badala ya kumwambia yeye: huyu mzazi akae mbali na moshi, la sivyo dawa hizi ni kupoteza muda. Mama alisikia. Tulipotoka nje alisema, "Moshi nimezaliwa nao. Aniambie nikae mbali na maji, ambayo hata hatuna, hapo nitamwelewa."

Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue ukubwa wa aibu yangu. Kila mwaka, kidato cha tatu kinapofika kwenye umeme wa majumbani, nachora ubaoni nyaya tatu: wa moto, wa kurudishia, na wa ardhini, wenye rangi ya kijani na njano. Nawaambia wanafunzi umeme ni mvivu, hutafuta njia rahisi ya kwenda ardhini. Kifaa kikiharibika ndani na umeme ukavujia kwenye bati lake, ule waya wa tatu ndio njia unayoupa, ili usipitie kwa mtu. Nawaambia, "Mtu asiye na waya wa tatu nyumbani kwake, yeye mwenyewe ndiye waya wa tatu." Darasa hucheka. Naupenda mstari huo, nimeurudia miaka na miaka.

Nilinunua jiko la pleti mbili, jeupe, nikalipandisha Kitangari Jumamosi moja. Nasisitiza Jumamosi, kwa sababu nilitaka kurudi siku ileile. Nilikuwa na karatasi za mtihani za kusahihisha, na mimi ni mtu wa haraka. Nikipanga kurudi saa kumi, basi saa tisa na nusu nimeshaanza kugombana na dunia. Nyumba ya mama ilikuwa na umeme tayari, taa tatu na soketi moja sebuleni, lakini jiko lake la kupikia liko nyuma, kibanda cha udongo peke yake kama majiko yetu yote yalivyo. Ilibidi kuvuta waya kutoka sebuleni, kuupitisha dirishani, kuukatisha uani mpaka kibandani. Nilipopita Newala mjini nikaingia duka la vifaa. Waya mnene wenye nyuzi tatu ulikuwa umekwisha, ungekuja Jumatatu. Uliokuwepo ni mwembamba, wa nyuzi mbili, ule wa kuungia redio na taa za sherehe.

Niliununua. Nilipofika nikafungua jiko kwa nyuma, nikaunga wa moto, nikaunga wa kurudishia, na ule wa kijani na njano uliotoka kwenye bati la jiko nikaukunja, nikauzungushia utepe mweusi, nikausukuma ndani. Nakumbuka nilichojiambia, neno kwa neno: nitakuja likizo kuurekebisha. Mtu anayejua kitu na akakifanya vibaya kwa sababu ya gari la saa kumi, sijui tumwite nani, lakini mjinga si jina lake.

Jiko likawaka. Pleti ikawa nyekundu bila moshi wala jivu, wanawake wakapiga vigelegele. Mama alitandika kanga yake mpya chini akakaa kulitazama. Chakula cha kwanza kilikuwa ming'oko, vile viazi vya porini vyetu, na nililetewa sahani yangu nikala nimesimama, jicho kwenye saa. Nilipopanda pikipiki kuondoka, mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama anavyoshikwa mtu mkubwa. Nilikuwa mtoto wake wa pekee aliyesoma, na kijiji kizima hakimwiti kwa jina lingine lolote: yeye ni Mama Mwalimu.

Kila nilipompigia simu nilimuuliza, "Jiko vipi, Mama?"

"Zuri, baba. Zuri sana. Kifua kimepungua."

"Halikusumbui?"

"Linapika."

Jibu hilo nimekuja kuliwaza baadaye mara nyingi. Mama yangu si mwongo. Niliuliza kama linamsumbua, akanijibu kwamba linapika, na mimi, mwalimu wa kusahihisha majibu, nikaweka vema.

Likizo ya kwanza ilipita na kazi za shule. Likizo ya Juni nikaenda. Nilimkuta mama amenenepa kidogo, sauti imerudi, hakohoi tena kama zamani, na nilifurahi kweli. Niliingia jikoni kumsalimia. Alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, ingawa siku hiyo hakukuwa na nazi. Miguu ameiweka juu ya gogo la mkorosho. Sufuria analishika kwa kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne au tano, na kugeuza mboga anatumia mwiko wa mti wenye mpini mrefu kuliko kawaida. Mlangoni, kwa ndani, umeegemezwa mchi, na kinu chenyewe kiko nje chini ya mwembe wa jirani. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu. Nikamtania: "Mama, siku hizi unapika miguu juu kama mke wa waziri." Akatabasamu, akasema maji ya kuoga yako tayari.

Siku ya pili yake asubuhi, nilikuwa nimetoka kuoga, peku, miguu bado ina maji. Mama alikuwa kwenye kisima cha uani, lile shimo la saruji tunalovunia maji ya mvua kutoka kwenye paa, anachota. Maharage yalikuwa jikoni yanachemka, yakaanza kumwagika. Nikaingia haraka kama kawaida yangu, nikashika sufuria kwa mkono mtupu kwenye mpini wake wa bati ili niliepue.

Watu husema umeme unakurusha. Mimi haukunirusha, ulinishika. Vidole vilijifunga vyenyewe, na nikaviona vimejifunga, na nikaviamuru viachie, na havikunisikia. Sauti ilikuwa tumboni, haikupanda. Kitu kilikuwa kinapita mkononi mpaka kifuani na kushuka miguuni, na kwenye ile ardhi ya udongo uliolowa nilikuwa nimesimama kama mti. Nilifikiri neno moja tu, nalo lilikuwa ule mstari wangu wa darasani.

Kisha nikasikia pigo. Mama alikuwa ameingia, ameuchukua ule mchi, na amenipiga nao kwenye mkono chini ya kiwiko kwa nguvu zote za mwanamke aliyetwanga maisha yake yote. Nilianguka upande wangu, sufuria upande wake, maharage kila mahali.

Neno la kwanza nililosema, Mungu anisamehe, ni: "Mama, unanipigia nini?"

Alikimbia sebuleni, nikasikia plagi inachomolewa, akarudi, akapiga magoti, akanishika uso, kichwa, kifua, ule mkono uliokuwa unaanza kuvimba. Alipoona napumua na macho yangu yanamfuata, ndipo akakaa chini kabisa kwenye maharage.

"Linauma," alisema. "Lilikuuma sana?"

"Mama. Ulijua?"

"Mimi huwa haliniumi hivyo. Huwa linanikamata kidogo, linaniacha."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyoondoka."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akaanza kuokota maharage, moja moja, anayaweka kwenye kunjo la kanga, kana kwamba tutayala. "Nilidhani umeme ndivyo ulivyo, baba. Moto unaunguza, nao umeme unauma. Kila kitu na yake. Nikaona nikikaa kwenye kibao na kuinua miguu, haliumi. Siku za mvua ndiyo linazidi." Akaokota lingine. "Halafu ningesemaje? Niende kwa watu niseme jiko la mwalimu linauma?"

"Na majirani?"

"Ndiyo maana siwaingizi. Mtoto wa mtu akifia jikoni kwangu, mama yake nitamwambia nini?"

"Wanakuita mchoyo."

"Waite."

Na mchi? Mchi ulikuwa mlangoni tangu wiki ya kwanza. Alisikia zamani, hakumbuki kwa nani, kwamba mtu aliyeshikwa na umeme haguswi kwa mkono, hupigwa kwa mti mkavu. Akauweka pale akingojea siku hiyo. Alidhani atakayeuhitaji ni mjukuu au jirani mkaidi. Hakunidhania mimi, mwenye elimu yake.

Nililia. Nasema wazi, nina mvi na nililia kama mtoto, nimekaa chini kwenye ule udongo. Mama alidhani ni mkono unaniuma, akaenda kutafuta mafuta ya kunichua.

Siku tatu zilizofuata jiko lilikuwa limezimwa. Mama alirudi kwenye mafiga, na kikohozi nacho kikarudi bila kuchelewa. Siku ya pili tu nilikuwa nakisikia kutoka sebuleni, kikavu, kinakatika katikati na kuanza tena. Mkono wangu ukiwa umefungwa kitambaa, nikalifungua lile jiko nilitie kwenye boksi lake nirudi nalo Masasi, lisimguse tena. Nilikuwa na hasira nalo, na mwenye kosa ni mimi. Mama alikuja akasimama juu yangu.

"Usilichukue."

"Mama, litakuua."

"Na hili?" akaonyesha mafiga kwa kidevu. "Kama kuna mtu anayejua kulifunga vizuri, mlete. Kama hayupo, liache hapohapo."

Katika miaka yake yote sikuwahi kumsikia akiniomba kitu. Hata siku hiyo hakuomba. Lakini nilielewa.

Fundi nilielekezwa Newala mjini, mwenye leseni, mtu wa makamo, Mmakua wa kule Lisekese aliyehamia huku juu kwa kufuata kazi. Alikuja na pikipiki na begi la turubai. Kabla ya kugusa kitu aliamkia, "Shikamoo, Mama Mwalimu," akaitikiwa marahaba, akatafuta kiti, akasema amesikia kwangu kwamba Wamakonde wa Kitangari siku hizi wanapigana michi na watoto wao. Mama akamjibu kwamba Mmakua akitoka bondeni anakuja na maji, huyu amekuja kuomba habari. Wakacheka, maana Mmakua na Mmakonde ni watani. Mimi sikucheka.

Kisha fundi akazima meni swichi, ile ya nyumba nzima. Akachukua kipimo chake akagusa huku na huku kuhakikisha umekatika kweli, hakuamini swichi peke yake. Akaufuata waya wangu kutoka sebuleni, uani, mpaka jikoni, anaubinya kwa vidole kila hatua chache. Karibu na plagi alisimama. Ngozi ya waya ilikuwa imelainika kwa joto, imeshikana na fremu ya dirisha. Akafungua jiko nyuma. Akautoa ule waya wa kijani na njano na utepe wake mweusi, akauweka kiganjani, akautazama.

"Nani alifunga hii?"

Kabla sijafungua mdomo mama alidakia: "Fundi mmoja alipita tu. Hatumjui alikokwenda."

Sijawahi kumsikia akidanganya, ila siku hiyo. Alikuwa ananitazama mimi, ananikonyeza kwa jicho ninyamaze. Ameumwa na jiko langu miezi, amenipiga mchi kuniokoa, na sasa ananifichia.

"Ni mimi," nilisema.

Fundi akageuka. "Mwalimu wa nini, mzee wangu?"

"Fizikia."

Nilingoja anicheke, na angecheka ningempenda. Hakucheka. Aliuviringisha ule waya taratibu akauweka mfukoni mwa shati. "Ulikuwa na haraka," alisema. Hakuuliza, alisema. "Sisi wenyewe tunayajua haya na tunayafanya. Mimi nyumbani kwangu soketi ya chumbani ilikaa inaning'inia mwaka mzima." Halafu, kwa sauti ya chini ili mama asisikie: "Lakini mshukuru Mungu, mwalimu. Kama si mama kufa, basi nyumba kuungua. Waya ule ulikuwa unaiva."

Alifanya kazi siku nzima, na mimi nikawa namshikia ngazi kwa mkono mmoja. Waya wangu aliutupa wote. Jiko likapata njia yake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, kebo nene ya nyuzi tatu ndani ya bomba, haichangii na taa wala redio, na kikatio chake chenyewe kinachoshuka mzigo ukizidi. Kibandani akaweka swichi kubwa ya jiko yenye taa nyekundu, ukutani, pembeni, umbali wa mkono mmoja. Nikauliza kwa nini asiiweke juu ya jiko, nafasi ipo. Akasema siku mafuta yanapowaka hutaki kupitisha mkono juu yake ili uzime. Kwenye boksi akaongeza kifaa kingine, cha kukata umeme wenyewe ukianza kuvuja, chenye kitufe kidogo cha kujaribia.

"Hiki ndiyo askari," alimweleza mama, si mimi. "Lakini askari huyu bila waya wa ardhini anangoja mtu aguswe kwanza ndipo aamke. Waya ukiwepo, anaamka kabla ya mtu."

Ndipo akaja kwenye ardhi yenyewe. Nyumba ilikuwa na nondo ya shaba iliyochimbiwa na fundi wa zamani, akaivuta kwa mkono ikatoka kama karoti. Ilikuwa imekatwa nusu, na udongo ulioizunguka mkavu kama unga. Akachimba shimo jipya nyuma ya jiko, akapigilia nondo ndefu kamili mpaka nyundo ikamchosha, akazungushia mkaa na chumvi, akaiunganisha na boksi. Akapima, akatikisa kichwa. Akamwomba mama maji, ndoo nzima. Mama alimletea, akidhani ana kiu ya ajabu. Fundi akaimwaga yote ardhini.

Lazima uwe wa Newala kuelewa uso wa mama wakati ule. Huku juu tunakaa juu ya mchanga. Mvua ikinyesha inapita kwenda zake, na maji tunayafuata chini mabondeni, au tunayangoja kwenye bomba ambalo lina siku zake. Mama husafisha mchele kwa maji yaliyooshea mboga, na yaliyosafishia mchele huwanywesha kuku. Mtu amwage ndoo chini, tena ya maji safi, mchana, anamtazama!

Fundi akapima tena. Safari hii akaridhika. "Mama, udongo wetu huu ukikauka, waya wa ardhini unakuwa jina tu. Masika sina shaka. Lakini kiangazi, mwezi wa tisa, wa kumi, hapa pawe na unyevu. Maji machafu yanatosha."

"Kwangu hakuna maji machafu," mama alisema.

"Basi yatafute."

Mama alimuuliza mambo mawili tu. Kwanza, kiasi gani. Akaambiwa beseni moja kila siku mbili tatu. Pili, asipomwagia, nani ataumia. Fundi akamjibu kama fundi: yeyote atakayeshika sufuria siku hiyo. Mama akaniangalia mkono, kile kitambaa, akasema amesikia.

Umeme ukawashwa. Fundi akabonyeza kile kitufe, askari akaanguka kwa mlio wa pa!, akamrudisha. Akaligusa bati la jiko kwa kipimo: kimya. Akaligusa kwa mkono wake mwenyewe, akiwa peku. Mama alitazama mpaka mwisho. Kisha akatoka mpaka kwenye uzio, akamwita yule jirani aliyeniletea habari Masasi. Aliingia kwa kusitasita, na mama akamwambia aepue sufuria ya uji. Yule mwanamke akanitazama mimi, akamtazama fundi. "Shika tu," mama alisema. "Sasa haliumi." Hapo ndipo mtaa ulipojua ilikuwa nini. Yule jirani aliepua, akaweka chini, akamkumbatia mama kwa muda mrefu, na jioni yake wakaja watatu zaidi.

Nilirudi tena mwezi wa kumi, korosho zimeiva na mabibo yananuka njia nzima. Safari hii nilijiambia nitalala siku nne, na nikalala. Bomba lilikuwa halijatoa maji wiki mbili. Kisima cha uani kimebaki tope. Mama alikuwa ameteremka bondeni alfajiri na wenzake, amerudi na ndoo moja kichwani, na kwa umri wake sasa ile ndoo moja ni safari ya siku. Nilimkuta ndiyo kwanza anaitua. Hakunywa. Alichota beseni la maji, akazunguka nyuma ya jiko, akayamwaga kidogo kidogo pale penye nondo, akasubiri yanywewe, akamwaga tena. Ardhi pale ilikuwa nyeusi, imezungukwa na uwanja wote mweupe kwa ukavu. Hakuwa ameruka siku.

"Mama!" nilimkemea, maana hasira zangu hazijazeeka. "Maji ya kunywa hayo! Unayamwaga chini? Si angalau yawe yameshaogewa?"

"Hakuna aliyeoga," alisema. "Kifaa nimekibonyeza Ijumaa, kimeanguka vizuri. Na jana nilisikia unakuja."

Nilitaka kusema kitu cha kitaalamu. Nilitaka kumwambia kwamba kazi kubwa hufanywa na yule askari, kwamba siku moja isingeharibu kitu. Nikaona nimeshasema mengi ya kitaalamu maishani mwangu. Miezi ile yote alipokuwa akiumwa peke yake hakuona sababu ya kusumbua mtu, akainua tu miguu. Sasa kwa ajili ya mkono wangu alikuwa ananywesha mchanga.

Alimaliza, akapindua beseni, akajifuta kwa ncha ya kanga. Maharage yalikuwa yanachemka.

"Haya," alisema, "nenda kaepue."

Nilivua viatu mlangoni, nikaingia peku, nikashika sufuria kwa mkono mtupu, nikaliepua. Halikuwa na kitu ila joto lake. Niligeuka nimwambie, nikamkuta amesimama nyuma yangu, hatua moja, mchi mikononi.